Wimbo Uliopita Mlangoni Bila Kupimwa

Uvumi wenyewe Edina aliupata mnadani, akiwa anauza maziwa ya mgando, na tangu siku hiyo haukumtoka kichwani. Ilisemwa kwamba pale Mlowo, kwenye lile tawi la chuo kikuu anakosoma binti yake, kompyuta zinaugua. Zinaugua kama ng'ombe, zinaambukizana, na zikishaugua zinameza kazi za wanafunzi. Eti kuna kijana wa upande wa Ivuna, jina lake hakuna aliyelijua, alisoma vizuri mpaka wiki ya mwisho, kompyuta ikameza kazi yake yote, akarudi kwao na begi la nguo tu. Wengine wakaongeza chumvi: siku hizi haongei, anatazama ukuta.

Uvumi wa mnadani mnaujua. Ukiufukuza mlangoni unaingilia dirishani. Edina akikamua unamjia, akipepeta mchele unamjia. Mumewe, Luhaga, akachoka kuusikia.

"Mama Restuta, kompyuta ina tumbo la kumezea?"

"Watu wanasema."

"Watu walisema pia mimi nitaoa mke wa pili. Yuko wapi?"

"Mlete tu, tutajuana," alijibu Edina, wakacheka wote, lakini kicheko chake yeye hakikufika chini.

Msimlaumu. Restuta alikuwa mtoto wa kwanza katika kaya zote za wafugaji wa Kisukuma wa kitongoji kile, huko bondeni Momba, kufika chuo kikuu. Na alichokuwa anasomea ni hizohizo kompyuta. Kazi yake ya mwisho ilikuwa mpango alioutengeneza mwenyewe: mfugaji anaandika ujumbe kwenye simu yake ya kitochi, anautuma, na kompyuta inamrudishia bei ya ng'ombe ya mnada wa karibu, ili dalali asimlaghai. Alhamisi ile angeuonyesha mbele ya walimu. Asiyeonyesha kazi yake Alhamisi, anarudia mwaka. Hapakuwa na njia ya tatu.

Laptopu Restuta hakuwa nayo. Kompyuta za maabara ya chuo zilikuwa za wote na zilifutwa kila mwisho wa wiki, kwa hiyo kazi yake yote aliitunza kwenye flashi moja nyeusi, ndogo kama kidole gumba, ameitia kamba na kuivaa shingoni. Akilala nayo, akiamka nayo.

Sasa baba mtu, kwa furaha yake, akaona binti hawezi kusimama mbele ya walimu bila wimbo. Kwa wafugaji wale, mtu akifanya jambo kubwa anatungiwa wimbo wa pongezi, na mtunzi si yeyote yule. Luhaga alimwita Masumbuko, manju aliyevuma bonde zima, mwenye sauti ya kuamsha mamba. Masumbuko alitunga, vijana wakacheza, Bugalama akapiga video. Huyo Bugalama ndiye mwenye kibanda cha kuchaji simu na kuingiza nyimbo, na ndiye aliyeutia wimbo kwenye flashi nyekundu akamkabidhi Edina.

Na wimbo wa pongezi una heshima zake. Kwanza, haunyimwi mtu. Ukipita nao mahali, wenyeji wakitaka kuusikia, unawapa, la sivyo utaambiwa unaringa. Pili, hausimamishwi mlangoni. Unaingia ndani kabla hata ya salamu. Anayeuzuia kizingitini amekataa heshima, na mwenye nao anageuza nao kurudi kwao. Ni mkosi.

Basi flashi nyekundu ikaanza kutembea kabla ya safari. Ilichomekwa kwenye redio ya mashine ya mpunga. Ikaenda harusini ikalala siku mbili. Ikaenda kwa mwalimu wa shule ya msingi mwenye kompyuta, ikaenda kwa fundi simu, ikarudi kwa Bugalama, ambaye kompyuta yake ilikuwa imeshaingiwa na kila kitu kinachochomekeka bonde zima. Siku ya safari Edina alipanda fuso la mpunga, na dereva, Abdulwahab, alipoichomeka kwenye redio na kuusikia wimbo tu alipiga usukani kofi.

"Mama, hii ngoma kali! Rudia tena!"

Wakaurudia mlima mzima. Pale mjini Itaka waliposimama kuziba pancha, wenye saluni wakauomba, wakauchomeka kwenye kompyuta yao, wanawake wakatoka na vichwa nusu vimesukwa wakicheza barabarani. Edina akawa anacheka machozi yanamtoka. Alikuwa anaogopa kompyuta za chuo, anaogopa macho ya watu, anaogopa hata mvua. Flashi iliyokuwa kwenye pindo la kitenge chake, hiyo hakuiogopa.

Alhamisi asubuhi alikuwa Mlowo, amevaa kitenge kipya na viatu vilivyombana, Restuta amemshika mkono anamwonyesha chuo. Hili darasa, hii maktaba, lile juu ya paa ni dishi la mtandao, na yule mtu aliyening'inia pale kama popo ni Bwana Yonathani Mbonile, mkuu wa kitengo cha kompyuta. Upepo wa usiku ulikuwa umelipindua dishi, na bila mtandao hapakuwa na cha kuonyesha mchana.

"Shikamoo, mama!" Mbonile alipiga kelele kutoka juu.

"Marahaba! Shuka salama, baba!"

Kwenye mlango wa maabara palikuwa na meza ndogo, kompyuta moja, na msichana mmoja mpole, Fauzia, msaidizi wa Mbonile. Ukutani palibandikwa karatasi: HAKUNA FLASHI KUINGIA BILA KUPIMWA. Wanafunzi waliiita meza ile josho, kama josho la ng'ombe. Kila flashi ilizamishwa pale kwanza, ikapimwa virusi, ndipo ikaingia ndani.

"Karibu sana, mama," alisema Fauzia. "Hiyo flashi naomba niipime kidogo. Siku hizi kuna virusi vibaya sana."

Edina aliurudisha mkono nyuma. "Hii? Hii si ya masomo, mwanangu. Huu ni wimbo."

"Hata wimbo, mama."

"Mayu, ndiyo utaratibu wao," Restuta alimnong'oneza mama yake.

"Utaratibu wa kuusimamisha wimbo wa baba yako mlangoni? Leo? Siku ya leo?" Sauti yake ilipanda. "Nimeubeba kutoka bondeni, umeingia kila nyumba, uje usimamishwe hapa? Basi nageuka nao. Kamwambieni Luhaga."

Restuta alikuwa amesoma, alijua virusi ni nini. Lakini alikuwa pia mtoto wa Luhaga, na aliujua mkosi. Akamtazama Fauzia kwa macho ya kuomba. Na ndani, wanafunzi walikuwa wameshasikia neno wimbo.

"Fauzia, usimzingue mama wa watu!" alifoka mmoja, Athuman, mtoto wa mfanyabiashara wa Tunduma, kijana wa maneno mengi. "Mama, ingia! Sisi ndio wenyeji!"

Fauzia alitazama juu ya paa, bosi wake alikuwa na spana mdomoni. Akatazama sura ya mama. Ni msichana aliyelelewa vizuri, akashindwa kumkatalia.

"Haya. Lakini mimi sijaona."

Edina akapiga vigelegele, na wimbo ukaingia.

Jamani, ule wimbo! Waliutupa kwenye projekta, ukajaa ukuta mzima. Masumbuko kwenye manyoya yake, vijana nyuma wanatimua vumbi, sauti inapiga mpaka madirisha yanatetema:

*Luhaga ana ng'ombe mmoja hali majani,*
*Yuko Mlowo, anakula umeme!*
*Dalali kimbia, Restuta anakuja,*
*Bei iko mkononi, utamdanganya nani?*

Wanafunzi walishika viuno. Walicheza Wanyiha, wakacheza Wanyamwanga, akacheza Athuman ambaye ng'ombe amemwona buchani tu. Restuta alikuwa analia na kucheka pamoja. Edina katikati, viatu amevivua, kitenge amekifunga kiunoni, akajiona kama yeye ndiye anayehitimu.

"Nikopie, mama! Na mimi! Na mimi!"

Haunyimwi mtu. Flashi zikaingia, flashi zikatoka, kompyuta ileile. Mwishowe Restuta alifuta uso, akasema, "Tulieni sasa, niangalie kazi yangu mara ya mwisho." Akavua kamba shingoni, akachomeka flashi yake nyeusi.

Akasogeza uso karibu na kioo, na hapo mama yake akashtuka.

"Nini?"

"Mayu, subiri."

"Restuta, nini?"

Kwenye kioo majina ya kazi zake yalikuwepo, lakini kila moja lilikuwa limepungua uzito, limekuwa kitu kidogo chenye kimshale pembeni. Restuta alibofya la kwanza, halikufunguka. La pili, halikufunguka. Alibofya yote.

"Hazipo. Mayu, kazi yangu haipo."

Ule uvumi ulimrudia Edina wote, na kijana wa Ivuna na ukuta wake.

Huku na huku zikaanza sauti. "Hata yangu!" "Na yangu vimshale!" "Kimenuka!" Kila aliyekopi wimbo alishika kichwa. Athuman tu ndiye aliyekuwa na dawa.

"Acheni woga. Fomati! Ukifomati virusi vyote vinakufa."

"Na kazi?" aliuliza Restuta.

"Virusi vinakufa, nakwambia. Kule stendi wanafomati kila siku. Tazama." Akachomeka ya kwake kwenye kompyuta ya pili, akabofya, akabofya tena. "Unaona? Safi! Haya, fanya na wewe."

Restuta alikuwa kama mtu aliyepigwa rungu. Mafunzo yote yalikuwa yamemtoka. Akabofya palepale alipoonyeshwa, kisanduku kikatokea kikimuuliza ndiyo au hapana. Edina Kiingereza hakukijua, darasa la saba lake lilikuwa la zamani. Lakini macho alikuwa nayo, na macho yake yalikuwa kwenye kioo cha Athuman. Kilikuwa cheupe. Hakuna jina hata moja.

"Baba, za kwako ziko wapi?"

"Zitarudi, mama."

"Zitarudi kutoka wapi?"

Athuman aligeuka. Akatazama kioo. Akaanza kutafuta.

Kidole cha Restuta kilikuwa kinashuka. Edina hakungoja. Aliidaka ile flashi nyeusi akaichomoa, akaibana kwenye ngumi, na akatoka nje pekupeku, mbio, mpaka katikati ya uwanja. Hapo akafanya kitu alichokijua. Wafugaji wakivamiwa na wezi wa mifugo hupiga mwano, yowe refu la kupokezana ambalo huleta kijiji kizima na mikuki. Edina alijaza kifua hewa akaupiga mwano katikati ya chuo kikuu.

Wapishi walitoka na miiko. Mlinzi alitoka na kirungu, amevaa kofia nyuma mbele. Walimu walichungulia madirishani. Na juu ya paa, Mbonile nusura aachie dishi.

"Kuna nini? Moto?"

"Wameziiba!" alilia Edina akiinua ngumi. "Kazi za mtoto ziko humu, hazionekani, wanataka kufomati!"

Neno lile ndilo lililomtoa Mbonile paani. "ASIFOMATI MTU!" Alishuka ngazi anaruka vidato. "Asiguse mtu chochote! Fauzia, chomoa nyaya zote! Nani ameshafomati?"

Athuman aliinua mkono taratibu kama mtoto wa darasa la kwanza.

Walimfuata Mbonile ofisini kwake, chumba chenye kompyuta zilizofunguliwa matumbo. Pembeni ilikuwepo moja kuukuu, imepauka.

"Hii haitumii mfumo kama wa zile za maabara," alisema, anahema. "Kirusi kikija hapa ni kama mgeni asiyejua lugha ya mtu. Kinakaa kimya. Nipe, mama."

Ngumi ya Edina haikufunguka.

"Mama, nipe."

"Haitameza?"

"Hakuna kilichomezwa. Nisikilize. Hiki kirusi kinaficha. Kimezichukua kazi za binti yako kikazifunika blanketi, halafu kimeweka sanamu nje zenye majina yaleyale. Ukibofya sanamu, unakiamsha kirusi chenyewe. Kazi zenyewe zimo ndani, zimefunikwa tu. Kufomati ni kufuta kila kitu, ndiyo kuchoma nyumba na watu ndani."

Ngumi ikafunguka. Mbonile alichomeka, akaandika mstari mmoja wa maneno, akabonyeza. Kioo kikakaa kimya. Edina alimwita Mungu kwa Kisukuma na kwa Kiswahili. Mbonile alikuna kichwa, akausoma mstari wake, akaona alikosea herufi, akaandika upya, akabonyeza.

Majina yakamwagika! Yalishuka kwenye kioo kama ng'ombe wanaotoka zizini asubuhi, moja linalisukuma jingine.

"Minada!" alipiga kelele Restuta. "Bei! Ile ya ujumbe, ile pale! Ripoti! Ripoti ya mwisho, mayu, iko, iko yote!"

Vigelegele vya Edina vilisikika mpaka barabara kuu. Alimkumbatia Restuta, akamkumbatia Mbonile na grisi zake, akamkumbatia Fauzia aliyekuwa mlangoni. Waliobaki wakajipanga na flashi zao, na kila moja ilipofunguka palikuwa na shangwe kama ya goli.

Isipokuwa ya Athuman. Mbonile aliitafuta kwa kila njia, akaokota vipande: mpango wenyewe ulirudi, ripoti haikurudi. Kijana wa maneno mengi akakaa chini sakafuni. Edina alimsogelea.

"Mwanangu, mimi ndiye niliyekuletea haya. Ningeiweka flashi pale mezani ipimwe."

"Kufomati nilibofya mwenyewe, mama." Akajaribu kutabasamu. "Ila wimbo wenu mtamu, utaua mtu."

Mbonile alimshika Athuman bega wakaenda kwa mwalimu mkuu wa somo, Bi Ferista. Bi Ferista akampa wiki moja aandike ripoti upya, na asiwepo wa kumwombea tena. Athuman aliandika wiki nzima, macho mekundu, na alipita kwa alama za chini kuliko alizostahili. Hilo lilibaki, halikufutika.

Mchana, Mbonile akiwa amerudi paani, dishi lilinasa mtandao. Restuta alisimama mbele ya walimu, akaeleza kazi yake mwanzo mpaka mwisho. Alipomaliza kueleza, Bi Ferista alikunja mikono.

"Maneno nimesikia. Nionyeshe. Nani mfugaji tumjaribu?"

Edina, aliyekaa nyuma kwenye kiti cha mwisho, alishasimama na simu sikioni. "Baba Restuta! Tuma sasa! Tuma hivyohivyo alivyokufundisha!"

Kule bondeni Luhaga alikuwa juu ya kichuguu kinachoshika mtandao, tangu asubuhi, na nusu ya kitongoji chini yake. Chumba kizima kilitazama ukuta. Ukuta ulikuwa mtupu. Ukaendelea kuwa mtupu. Kisha, herufi kubwakubwa za mtu anayetafuta kila kitufe: DUME KAMSAMBA, yaani bei ya dume kwenye mnada wa Kamsamba. Na chini yake, papo hapo, jibu likatoka na bei yake kamili.

Simu ya Edina ilikuwa bado wazi, na chumba kizima, na walimu wao, kilisikia sauti ya Luhaga ikipasuka:

"Imenijibu! Jamani, imenijibu! Mke wangu, bei ile ya dalali ilikuwa uongo!"

Bi Ferista alicheka mpaka akavua miwani. Hakuwa mtu wa kucheka.

Jioni Fauzia na wanafunzi walikuwa bado wanasafisha kompyuta moja moja, na Edina alikuwa nao, anafuta vumbi kwa upande wa kitenge kwa sababu hakujua kufuta kingine. Flashi nyekundu ilikuwa imepimwa mezani. Mbonile alitazama matokeo akapiga mluzi.

"Mama, bonde zima la Momba limo humu."

"Wimbo upo?"

"Wimbo upo. Safi sasa."

Basi, mzazi mwenye mtoto chuoni, na wewe uliyezoea kubeba nyimbo kama Edina, mambo ya kuepuka ni haya:

Usiingize flashi yako kwenye kompyuta ya chuo kabla haijapimwa, hata iwe ya wimbo, hata iwe ya kwaya, hata iwe ya harusi.

Usimtie aibu anayekaa mlangoni kupima. Usimpigie kelele, usimbembeleze.

Usiichomeke flashi ya nyimbo na flashi ya masomo kwenye kompyuta moja.

Usimwache mtoto atunze kazi yake mahali pamoja tu. Aweke na kwa mwenzake, aweke na kwenye barua pepe.

Usibofye kitu chenye kimshale ambacho jana hakikuwa nacho.

Usifomati. Mtu wa stendi akikwambia fomati, chomoa, ondoka.

Usingoje siku ya mwisho kufungua kazi.

Usifiche kosa. Piga yowe mapema, fundi akiwa bado yupo.